Kusini haikuzaliwa pori: njaa ya Maji Maji na nchi tuliyorithi

#1

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikifika 27 Februari tunaona kumbukumbu ya mashujaa wa vita vya Maji Maji (1905 hadi 1907) huko Songea, hotuba zinatolewa, halafu mjadala unarudi palepale: maji ya Kinjikitile, risasi kugeuka maji, "babu zetu walidanganywa". Leo naomba tuyaweke maji pembeni tuongelee njaa. Kusini ya nchi hii ilipigwa na bunduki, sawa, lakini kilichoilaza chini ni njaa iliyoamuliwa mezani na watu wenye vyeo na majina. Ukiielewa njaa ile, utaelewa kwa nini leo upande mmoja wa ramani kuna tembo na upande mwingine kuna reli. Uzi ni mrefu, usome kwa nafasi yako.

Nianze na Mjerumani alivyoingia, kwa haraka, maana sehemu hii wengi mnaijua.

Novemba 1884 Carl Peters alipita Uzigua, Usagara na Ukami akiwasainisha watawala wa huko karatasi za Kijerumani ambazo hawakuweza kuzisoma. Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya ulinzi. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Zanzibar, na Sultani Barghash akakubali asichokitaka. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ikakabidhiwa pwani kwa mkataba, na Agosti ileile Pangani ikalipuka, maana Emil von Zelewski, mwakilishi wa kampuni hiyo, aliuendesha mji kwa ubabe na watu wake wakaingia msikitini na viatu na mbwa. Abushiri bin Salim akaongoza vita vya pwani hadi aliponyongwa Pangani, Desemba 1889. Zelewski huyohuyo ndiye aliyekufa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa lilipoufyeka msafara wake. Isike wa Unyanyembe akajilipua na baruti Tabora Januari 1893 ili asikamatwe. Hassan bin Omari Makunganya akanyongwa Kilwa Kivinje 1895. Mkwawa akajipiga risasi Julai 1898. Mangi Meli akanyongwa Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake.

Kwa hiyo ilipofika 1900 Mjerumani alidhani kazi imekwisha. Sasa akataka nchi ijilipie gharama zake.

#2 (naendelea)

Kodi ya kibanda ilianza 1898, rupia 3 kwa nyumba kwa mwaka. Mtu wa Matumbi au Liwale rupia angeipata wapi? Ama auze chakula chake, ama aende kufanya kazi kwa Mzungu, ama akatiwe pingu na akida, ofisa wa Mjerumani vijijini. Halafu mwaka 1902 Gavana Götzen akaja na mpango wa pamba: kila jumbe awe na shamba la pamba, watu wa eneo lake walilime. Kwenye karatasi ilikuwa siku 28 za kazi kwa mwaka, na mapato yagawanywe kati ya wafanyakazi, jumbe na chombo cha kuuza pamba. Wilaya ya Dar es Salaam, mtu aliyelima msimu mzima aliitwa kupokea senti 35. Wengine waliikataa ile pesa. Naomba ulifikirie hilo: mtu maskini, anayedaiwa kodi, anaangalia senti 35 za kazi ya mwaka anasema kaeni nayo.

Na shida haikuwa malipo tu. Pamba inataka palizi wakati uleule mahindi na mtama vinataka palizi. Milima ya Matumbi ina nguruwe pori. Usipolala shambani kulinda, asubuhi unakuta mavuno yamefukuliwa. Sasa mwanamume yuko kwa jumbe anachapwa viboko juu ya pamba, na shamba lake la chakula limeachiwa mkewe na watoto. Kwa hiyo Matumbi walikuwa na njaa mlangoni kabla hata ya vita.

Hapo ndipo anapoingia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Alichokitoa ni maji, mafuta ya nyonyo na mtama, na ujumbe kwamba watu weusi ni wamoja. Tangu 1904 watu walitoka mbali kwenda Ngarambe kumsikiliza, makabila ambayo jana yalikuwa yanaibiana ng'ombe na watu. Ukimwangalia kwa dawa tu utamwona mganga. Ukiangalia nani waliopanga foleni moja pale Ngarambe, utaona jambo ambalo halijawahi kutokea katika eneo hilo, miaka 50 kabla TANU haijazaliwa.

Julai 1905, Nandete, wazee wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia shamba la pamba wakang'oa miche michache. Hilo ndilo lilikuwa tangazo la vita. Hawakuvamia boma, hawakuandika barua. Waling'oa pamba wakasubiri, na kila mtu akaelewa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga, lakini maji yalishasambaa kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni, Wabena. Tarehe 30 Agosti maelfu waliishambulia boma ya Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kuhusu maji na risasi, na bado waliendelea kupigana hadi 1907. Hilo ndilo linaloniuma watu wanaposema walidanganywa. Mtu aliyedanganywa angerudi nyumbani Septemba 1905.

#3 (sehemu ya njaa)

Wapiganaji walipobadilisha mbinu wakawa wanashambulia na kutoweka porini, Mjerumani alikwama. Kapteni Wangenheim akamwandikia gavana kwamba ni njaa na dhiki tu ndizo zitakazowaleta watu hawa kusalimu amri, mapigano peke yake ni tone baharini. Maneno hayo hayahitaji mkalimani wa historia. Ni afisa anapendekeza raia wauawe kwa kunyimwa chakula, na pendekezo likafuatwa.

Ilifanyikaje? Kikosi kinaingia kijijini. Ghala la mahindi linachomwa, au mahindi yanabebwa kulisha askari. Shamba lililokomaa linafyekwa. Mbuzi na kuku wanachukuliwa. Mbegu, na hapa ndipo pabaya kuliko pote, nazo zinakwenda. Mkulima akinyang'anywa mavuno anaweza kula mizizi na matunda ya porini akavuka mwaka. Akinyang'anywa mbegu, mvua ikija anaiangalia tu. Ndiyo maana watu wengi hawakufa wakati wa mapigano; walikufa 1906, 1907 na kuendelea, wakati taarifa za serikali zinasema amani imerejea.

Songea, tarehe 27 Februari 1906, wapiganaji 67 wa Kingoni walinyongwa wakazikwa kaburi moja, na Nduna (jemadari) Songea Mbano naye akanyongwa baadaye. Hao tunawakumbuka kwa majina yaliyochongwa. Waliokufa kwa njaa hawana jina wala kaburi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria waliokuja kufanya utafiti baada ya uhuru, Gilbert Gwassa akiwa mmoja wao aliyekwenda kuwahoji wazee vijijini miaka ya 1960, wanataja 250,000 hadi 300,000. Upande wa pili walikufa Wazungu 15 na askari 389.

Sasa jiulize: nchi iliyopoteza watu kiasi hicho inakuwaje?

Inakuwa pori. Mkulima ndiye anayelizuia pori. Anachoma majani, anakata vichaka, anafukuza wanyama, na mbung'o anakosa pa kukaa. Mkulima akiondoka, ndani ya miaka michache vichaka vinarudi, nguruwe na tembo wanarudi, mbung'o anarudi na malale yake, na ng'ombe hawezi kufugwa tena. Waliobaki wanashindwa kulima kwa sababu ya tembo, wanahama, pori linapanuka zaidi. John Iliffe alilieleza hili vizuri: kusini ilipoteza vita vya 1905 kwa Mjerumani, halafu ikapoteza vita vingine virefu zaidi kwa mwitu.

Mjerumani alishaanza kutenga maeneo ya wanyama tangu 1896, moja likiwa huko Rufiji. Mwingereza alipokuja akayapanua na mwaka 1922 akaliita pori hilo Selous, jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa Beho Beho vitani Januari 1917. Miaka ya 1940 watu wa Liwale wakahamishwa tena na serikali kwa sababu ya malale, na mipaka ya wanyama ikasogea tena. Mwisho wake hifadhi ilifika kilomita za mraba zipatazo 50,000. Mwaka 1982 ikaingia urithi wa dunia, na vitabu vya watalii vinaisifu kuwa pori ambalo mkono wa binadamu haujaligusa. Kuna vijiji humo, wakuu. Kuna miembe humo. Mwembe haujioti wenyewe katikati ya tembo.

#4

*Mdau anauliza: Mkuu, asante kwa nondo. Lakini tuwe wakweli, Mjerumani alijenga reli, akaleta mkonge, shule ya Tanga, utafiti wa Amani. Bila yeye tungekuwa wapi?*

Mkuu, reli zipo na zinafanya kazi, sina ugomvi na chuma. Tuangalie zilipita wapi. Ya Tanga ilianza 1893 ikafika Moshi 1911. Ya kati ilianza Dar 1905, mwaka uleule kusini inachomwa, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kulikuwa na wazo la reli ya tatu, kutoka Kilwa kwenda ziwa Nyasa. Ilijadiliwa, haikujengwa. Na ingejengwa kumbeba nani? Walishakufa.

Mkonge ndio mfano mzuri kuliko wote, nashukuru umeutaja. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Kutokana na hiyo 62 likaja zao lililoifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa wa katani duniani. Lakini katani inakatwa kwa mikono. Mikono ya nani? Watu wa Tanga na Kilimanjaro walikuwa na mazao yao ya kuuza karibu na reli, hawakuwa na sababu ya kukata mkonge kwa ujira ule. Wakafuatwa watu wa mbali wasio na zao wala soko, na Songea ilikuwa mojawapo ya wilaya kuu. Chini ya Mwingereza utaratibu ukawa rasmi, na 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo cha kuajiri manamba, yaani vibarua, kwa mkataba. Unapewa kipande, kadi ya kuhesabia siku, unafanya kazi siku 30 ndipo kijae ulipwe. Ukiugua, siku haihesabiwi.

Kwa hiyo ukiuliza bila Mjerumani tungekuwa wapi, mimi nauliza: utajiri wa Tanga ulijengwa na nani, na kwao kulibaki nini? Mjukuu wa mpiganaji wa 1905 ndiye aliyekwenda Tanga kukata mkonge. Wengine hawakurudi. Hiyo ni mikono ya kusini iliyohamishiwa kaskazini kwa miaka karibu 50.

#5

*Mdau: Mimi ni mtu wa Masasi. Kwetu wamisionari walifika 1876, kabla hata ya huyo Peters. Ndanda na Peramiho zimetoa wasomi wakubwa nchi hii. Usituweke wote kapu la "kusini iliyokufa".*

Ndugu yangu wa Masasi, umeleta hoja nzito na inafaa isimame hapa. Rais Mkapa mwenyewe ni mtoto wa Masasi na alipita Ndanda. Songea nako, mwaka 1936 wakulima wa tumbaku walianzisha ushirika wao wa NGOMAT, na Wamatengo wakalima kahawa ya maana kwenye milima yao. Watu hawakukaa kulia.

Ndiyo maana nasisitiza hali ya kusini haikutokana na uvivu. Shule ilikuwepo, bidii ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kutosha na njia ya kulifikia soko. Msomi wa Masasi akishasoma anakwenda kufanya kazi wapi? Dar, Tanga, Arusha. Elimu ikawa nayo mlango wa kutokea. Mpe mtu shule bila barabara, umempa nauli ya kuhama.

#6

*Mdau: Hizi lawama za mkoloni zimetuchosha. Miaka zaidi ya 60 ya uhuru! Kwani Mjerumani ndiye aliyetuzuia kujenga barabara?*

Hapana, hakutuzuia, na swali lako ni la haki. Naomba nilijibu kwa mambo matatu ambayo tuliyafanya au kutoyafanya sisi wenyewe.

Mwingereza alijenga reli ya Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga zake, mradi uliozikwa 1951 ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Reli ikabaki. Baada ya uhuru tukaing'oa, kwa hoja kwamba haina mzigo. Haina mzigo kwa sababu hakuna watu. Hakuna watu kwa sababu ya 1906. Hesabu ya mhasibu ilikuwa sahihi, ila ilianza kuhesabu katikati ya hadithi.

Pili, mto Rufiji. Hadi Agosti 2003 lilipofunguliwa daraja la Mkapa, mtu wa Lindi na Mtwara akienda Dar es Salaam alitegemea kivuko, na masika yakikolea barabara inakatika. Ni karibu miaka 42 baada ya uhuru. Hapo simlaumu Mjerumani hata kidogo.

Tatu ni ardhi, na hili naomba mlisome taratibu maana linagusa kila mmoja wetu, awe wa kusini au wa Kagera. Novemba 1895 Kaisari alitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. "Isiyo na mwenyewe" kwa macho ya nani? Kwa macho ya ofisa anayetafuta hati. Shamba lililopumzishwa miaka mitano, malisho, mlima wa matambiko, vyote vikawa ardhi tupu. Mwaka 1923 Mwingereza akatunga sheria yake: ardhi yote ni ya umma, chini ya gavana. Uhuru ukaja, neno gavana likatoka, likaingia rais. Sheria za ardhi za 1999, namba 4 na namba 5, zimeboresha mengi, zimetambua haki ya kimila na ardhi ya kijiji, na mwanamke ametajwa. Lakini mzizi ni uleule: ardhi yote ni ya umma, rais ndiye mdhamini, wewe na mimi tuna haki ya kuitumia. Kuna faida zake, nakubali. Imetuepusha na yaliyowakuta jirani zetu ambako familia chache zinamiliki wilaya nzima. Lakini mwanakijiji anapoamka akakuta bikoni za mipaka shambani kwake, anakutana na wazo lilelile la 1895, kwamba dola ndiyo inayojua ardhi ipi ni tupu. Wazo hilo tulikuwa na uwezo wa kulibadilisha. Tuliamua kulirithi.

#7

*Mdau: Mbona huwasemi askari? Walikuwa weusi wenzetu. Na hao akina Abushiri na Makunganya walikuwa wafanyabiashara wa watumwa.*

Nawasema. Askari wa mwanzo Wissmann aliwaleta kutoka Sudan na Msumbiji, baadaye wakaandikishwa Wanyamwezi, Wamanyema, Wasukuma. Walikuwa na mshahara na ruhusa isiyoandikwa ya kuchukua walichokikuta. Ndiyo maana katika waliokufa upande wa Mjerumani, askari ni 389 na Wazungu 15. Vita vile vilipiganwa kwa miili yetu pande zote mbili. Wapo pia watawala waliochagua upande wa boma, Kiwanga wa Ulanga kwa mfano, kwa sababu jirani yao aliyepata maji alikuwa adui wa zamani.

Na ndiyo, Abushiri alikuwa na shamba la miwa Pangani lililolimwa na watumwa. Sioni sababu ya kulificha hilo. Aliyempinga mvamizi anaweza kuwa na dhambi zake, na mvamizi anabaki kuwa mvamizi. Tukitaka mashujaa wasio na doa tutabaki bila historia. Mkulima wa Nandete aliyeng'oa pamba, yeye hakuwa na mtumwa wala shamba la miwa. Kwangu huyo ndiye kiini cha uzi huu.

#8

*Mdau: Rais wa Ujerumani alikuja Songea akaomba msamaha. Yameisha au? Tudai nini?*

Steinmeier alisimama Songea tarehe 1 Novemba 2023, akaomba msamaha mbele ya familia ya Nduna Songea Mbano na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu lake. Nililisikiliza lile kwa moyo wote na naliheshimu. Hakuna mtangulizi wake aliyewahi kuja kusema vile pale. Yameisha? Hapana.

Mafuvu kwanza, yale ya watu wetu yaliyopelekwa Ujerumani. La Mkwawa liliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, na bado lilirudi Kalenga 1954 tu. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba huko Berlin ulioanisha mabaki na familia za Kilimanjaro, mmoja wa waliotambuliwa akiwa Akida (hapa ni jina, si cheo), mtu wa karibu wa Mangi Meli. Meli mwenyewe bado. Wajukuu wanazeeka wakisubiri, na kwa mila zetu mtu asiyezikwa kamili hajapumzika, wala ukoo wake.

Pili, Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache baada ya njaa, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko Lindi, na vibarua wetu, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, walichimba na kubeba kwa vichwa na mabega kwa siku kadhaa hadi bandarini. Zaidi ya tani 200. Mnyama mmoja amesimamishwa Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watu wanalipa kiingilio kumwona. Sidai arudishwe kesho kwa meli. Nadai Lindi inufaike: makumbusho, wanafunzi kusomeshwa taaluma hiyo, sehemu ya kiingilio.

Tatu, fidia. Mwaka 2021 Ujerumani ilikubali kutenga euro bilioni 1.1 kwa miaka 30 kwa miradi ya Namibia kutokana na mauaji ya Waherero na Wanama, na hata hapo familia nyingi zimepinga kwa kuwa hazikuketishwa mezani. Njaa ya kusini yetu iliua watu wengi zaidi kwa hesabu. Tukienda mezani twende na wazee wa Nandete, Liwale, Mahenge na Songea wakiwa wamekaa viti vya mbele, na fedha zikija zitumike Lindi, Ruvuma, Mtwara na Morogoro ya kusini, zisiishie semina Dar es Salaam.

Kwa mdau aliyeniuliza pembeni pa kuanzia kusoma na kuona: Makumbusho ya Maji Maji yapo Songea mjini, na kaburi la pamoja liko hapohapo. Nandete kuna mnara. Kilwa Kivinje wenyeji watakuonyesha Mwembe Kinyonga, mti alikonyongewa Makunganya. Nyaraka za Kijerumani zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo anasoma kwa tabu, kwa hiyo kama una mtoto anayesoma Kijerumani chuoni, mwelekeze huko. Na kama kwenu mna mzee anayesimulia ya babu yake wakati wa njaa ile, mrekodi kwa simu wiki hii, halafu uje uweke maandishi yake hapa kwenye uzi. Nitayapanga kwa wilaya.